Redio ya Chuo Ilipomlilia Obiero

Siku walipomzika Obiero, nyapara Obonyo alifungua redio.

Aliitoa nje kama alivyozoea kufanya kila Jumapili, akaiweka juu ya meza mbele ya nyumba yake, akaligeuza lile pembe lake kubwa lililopanuka kama ua la boga hadi likaelekea ukingo wa miti ya miwati. Huko ndiko wanaume wa laini, nyumba za vibarua wa shamba la chai, walikokuwa wakishusha sanduku la Obiero, lililopigiliwa kwa mbao za kufungia chai. Wilkista, mkewe, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili na kufungua kinywa alie. Kabla kilio hakijamtoka, muziki wa dansi wa Nairobi ulipita juu ya vichaka vya chai na kumfunika. Akalia, lakini hakuisikia sauti yake. Aliona tu midomo ya wanawake wengine ikifunguka na kufungwa.

Walipomaliza kurudisha udongo, Obonyo aliwajia, kofia kichwani, kifimbo kwapani.

"Poleni," alisema. "Bwana meneja hapendi kelele za matanga hapa laini. Mimi nimewasaidia. Mmelia, na Bwana hajasikia kitu. Kesho ni kazi."

"Umetusaidia?" Wilkista aliuliza.

"Shemeji, nenda ukapumzike."

"Mtu alikuwa na homa ya siku nyingi, nyapara. Alikuja kwako akakuomba ruhusa aende kwa daktari. Ukamwambia nini?"

Obonyo alitazama huku na huku. Watu walikuwa wamesimama na majembe yao, wakimsubiri.

"Nilimwambia kila mtu ana homa siku ya kuchuma," alisema. "Na ni kweli. Mkiachwa mtaugua nyote."

"Ukamwongezea gunia la pili."

"Ni Mungu aliyemchukua, si gunia." Akageuka. Mgongo wake ulipofika nusu ya njia, muziki ulibadilika na kuwa wa tarumbeta, na yeye akaanza kutembea kwa kuufuata, labda bila kujua. Wilkista aliuangalia mgongo ule mpaka ukaingia mlangoni. Tangu siku ile hakukiona kitu kingine kwa uwazi kama alivyouona mgongo ule.

Obiero alikuwa ameanguka kwenye njia ya kwenda mizani, gunia la majani mabichi likiwa bado limemlalia. Waliomkuta walidhani amejificha chini yake asinyeshewe.

*

Mama yake Obiero, Ajwang', alifika kutoka upande wa ziwa baada ya majuma mawili. Habari zilikuwa zimepita kwa mtu wa samaki, kwa mtu wa kanisa, kwa mtu wa gari la chumvi, mpaka zikamfikia. Alikuja kwa miguu sehemu kubwa ya safari, amefunga kanga ya kuazima, na mkononi ana usinga mweusi wa mkia wa ng'ombe ambao kwao mwombolezaji mkubwa huupunga.

"Nionyeshe," alimwambia Wilkista hata kabla ya kukaa.

Wilkista alimpeleka kwenye miwati. Mvua ya alasiri ya kila siku ilikuwa imeliteremsha kaburi mpaka likawa sawa na ardhi. Ajwang' alisimama, akainua usinga, akavuta pumzi. Mlinzi wa kampuni akatokea kati ya miti akikimbia.

"Mama! Mama, hapana! Hapa karibu na nyumba ya Bwana. Nyapara amesema hakuna kulia."

"Ni mtoto wangu."

"Najua, mama. Mimi pia nina mama. Lakini watanifukuza kazi."

Ajwang' alishusha usinga. Jioni, uji ukiwa umepoa mbele yake bila kuguswa, ndipo aliposema: "Waliniletea habari. Mwili hawakuniletea. Na sasa hata sauti yangu mwenyewe naambiwa niirudishe nyumbani." Aliuchomeka usinga kwenye nyasi za paa, juu ya mahali Obiero alipokuwa akilala. "Mtoto wangu amelala ugenini bila kuliliwa. Atakuwa anauliza kama alikuwa na watu."

*

Nyumba za laini ni za kampuni. Mwanamume akifa, nyumba inataka mwanamume mwingine. Obonyo alilieleza jambo hilo taratibu, akiwa ameketi kwenye kiti chake cha kukunja na Wilkista amesimama juani.

"Lakini mimi si mtu mbaya," alisema. "Chuma majani kama wengine, chumba kaa nacho. Ila hapa kwangu pia nisaidie kidogo. Wewe si mgeni, wewe ni mke wa ndugu yetu."

"Nikusaidie nini?"

"Maji."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Redio ile alipewa Obonyo na Bwana meneja, Bwana huyo aliponunua nyingine mpya. Ilikuwa na waya mbili. Mmoja ulipanda juu, ukafungwa kwenye mwati mrefu, ukavuka uwanja hadi mwati mwingine. Huo ndio ulioshika sauti. Wa pili ulishuka chini, ukafungwa kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini nyuma ya nyumba. Chuma kile kilitaka udongo uliolowa. Udongo ukikauka, sauti inakuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. Ukilowa, sauti inapanda. Mvua zilikuwa zimeanza kukatika, maana Januari ilikuwa imeingia na jua la kiangazi. Obonyo alitaka mtu wa kukaa nyuma ya nyumba na debe, awe anamwaga akiambiwa amwage.

Kwa hiyo kila Jumapili, watu wa laini walipokuja na vigoda vyao kuketi mbele ya pembe, mjane wa Obiero alichuchumaa nyuma ya nyumba kama mtu anayesubiri kutupiwa makombo. Obonyo alizungusha vifungo viwili vya redio. Ikapiga mluzi, ikakohoa, ikalia kama paka.

"Mke wa Obiero! Maji!"

Akamwaga.

"Kidogo kidogo! Wewe unaosha ng'ombe?"

Watu wakacheka, wengine kwa sababu ilichekesha, wengine kwa sababu nyapara alikuwa akiwatazama. Wilkista alimwaga kidogo kidogo. Kutoka pale aliuona mgongo wake ukiinamia redio, shati la kaki limekaza mabegani.

*

Jirani yake Bitutu, mke wa seremala Makori kutoka Kisii, hakuwa mtu wa kwenda kuketi kwa Obonyo.

"Niende kufanya nini huko? Kuangalia meno yake?" alisema. "Sisi tuna redio yetu. Njoo usikie, ulete na mama."

Redio ya Makori ilikuwa ubao uliozungushiwa waya mwembamba, na jiwe dogo linalong'aa kama risasi iliyokatwa, ambalo alilichokoa kwa ncha ya waya mpaka likubali. Haikuwa na betri wala pembe. Ilikuwa na kisikizio kimoja cha kuweka sikioni, na kwa kuwa masikio ya nyumba ile yalikuwa mengi, Bitutu alikiweka ndani ya bakuli la bati. Bakuli likaikuza sauti. Watu waliinamisha vichwa kulizunguka kama wanaotaka kunywa kwa pamoja.

"Nairobi haifiki kwa jiwe," Makori alieleza. "Jiwe linashika chuo tu, kwa sababu kiko karibu."

Chuo chenyewe kilikuwa cha walimu, cha misheni, kilima cha pili kutoka pale. Padri mmoja mpenda vyuma alikuwa amejenga mtambo wa kurushia sauti katika chumba kilichokuwa ghala la mahindi, na Jumapili alasiri wanafunzi waliimba, wakasoma habari na kueleza jinsi ya kuchimba choo.

Kutoka ndani ya bakuli ikaja sauti ya kijana, imebanwa, lakini kila neno lilisikika.

"Huyo ni Nyakundi!" Bitutu alisema. "Mtoto wa shangazi yangu! Ona anavyoongea kama askofu."

"Nyamaza tusikie."

Nyakundi alikuwa akiwaeleza watu njia za kuipata redio ya chuo vizuri. Waya wa juu uwe mrefu na usiguse majani mabichi. Waya wa chini uingie mahali penye unyevu, na kiangazi pamwagiwe maji. Usizungushe kifungo kwa haraka. Sauti ikija, mkono uuache. Kisha akasema kwamba padri anapenda sana nyimbo za makabila yote yanayokaa katika mashamba ya chai, na mzee yeyote, mwanamume au mwanamke, mwenye wimbo wa kwao, aje chuoni Jumapili aimbe. Wimbo wake utasikika mpaka Boito na mbele zaidi. Hata redio kubwa za mabwana zitaushika.

Wilkista aliinua kichwa kutoka kwenye bakuli. Ajwang' bado alikuwa ameinama.

"Bitutu," Wilkista aliuliza polepole, "huyo Nyakundi anajua Kijaluo?"

"Nyakundi? Kijaluo chake ni samaki na ugali tu."

"Na padri?"

"Padri hata Kiswahili chake bado kinatembelea magoti."

Wilkista akamtazama mama mkwe wake.

*

Walibishana siku kadhaa, kwa sauti ya chini, wakati wa kuchambua mboga.

"Kumlilia mtoto wangu nitamlilia," Ajwang' alisema. "Hata ndani ya ghala la mahindi. Lakini unataka niweke jina la yule nyapara ndani. Maombolezo ni ya marehemu, nyathina, mwanangu. Ukimweka mtu mwingine ndani, unamkalisha karibu na marehemu."

"Kwani kwenu mwombolezaji hasemi kilichomuua mtu?"

"Husema. Na hakatizwi. Lakini husema akiwa amesimama mbele ya watu, na yule aliyetajwa yupo, anaweza kujibu. Wewe unataka nimtaje nikiwa kilima kingine."

"Yeye atakuwepo. Atakuwa ameketi mbele ya redio yake, na watu wote wamemzunguka. Ajibu."

"Mbele ya Bwana wake atajibu nini?"

"Hilo ndilo nataka kuliona, Mama."

Ajwang' aliacha kuchambua mboga. "Unataka kumlilia mume wako, au unataka kumwona mtu akiungua?"

Wilkista hakusema uongo. "Kumlilia nilinyimwa," alijibu. "Alinifunika kwa redio kama mtu anavyofunika chungu. Sasa hiyo hiyo redio, Mama. Hiyo hiyo."

Mama mzee akanyoosha mkono, akauchomoa usinga kwenye nyasi za paa, akaukung'uta vumbi.

"Mara moja," alisema. "Nitaimba mara moja. Usiniombe tena."

Walikubaliana Bitutu ampeleke chuoni, kwa kuwa Nyakundi ni mtu wao. Wilkista angebaki na debe lake.

*

Jumapili ile jua lilikuwa limeukausha uwanja mpaka umepasuka. Na kwa kuwa Obonyo hakuwa mtu wa kufanya jambo dogo panapowezekana kubwa, alikuwa amemwomba Bwana meneja aje aone jinsi watu wake wanavyotulia Jumapili, hawalewi wala hawapigani, wanasikiliza redio ya chuo. Bwana alikuja kweli, pamoja na mkewe na mgeni mmoja mnene aliyetokea Nairobi. Waliwekewa viti vya mbele. Obonyo alivaa koti na kufunga tai, na mara kwa mara alikigusa kifundo chake kama anayehofia kitamtoroka.

Akazungusha vifungo. Redio ikapiga mluzi, ikalia kama paka.

"Hiyo kitu inaita mpusi wangu," alisema arap Tanui, muuza maziwa, na watu wakacheka.

"Mke wa Obiero! Maji!"

Wilkista alimwaga kidogo. Wanafunzi wakasikika wakiimba wimbo wa kanisa. Mke wa Bwana akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Obonyo akajipangusa jasho, akasogea nyuma, mikono mgongoni, kama mtu aliyeutunga wimbo ule yeye mwenyewe.

Kisha Nyakundi akasema: "Sasa tuna mama kutoka upande wa ziwa. Atatuimbia wimbo wa kwao. Karibu, mama."

Palipita kimya, halafu mkwaruzo, kama wa mtu anayesogezwa mbele ya mtambo. Halafu Ajwang' akalia.

Haikuwa sauti ya mtu anayeimba kwa ajili ya kusikilizwa. Ilianza chini sana, ikapanda, ikasimama huko juu ikitetemeka, na kila Mjaluo aliyekuwa uwanjani pale alijua ni nini kabla ya neno la kwanza. Wanaume walivua kofia. Mwanamke mmoja aliinuka kutoka kwenye kigoda chake, mikono kichwani.

*Obiero wangu, mwana wa Ajwang',*
*nimekuja nikakuta ardhi imelala sawa.*
*Nani alikufunika, nani alikuosha uso?*
*Nimeuliza njia nzima, wananiambia ulikwenda kazini.*

Sauti ilikuwa ndogo bado, inakuja na kurudi. Obonyo alikuwa ameganda. Mkono wake ulitoka mgongoni, ukaanza kusafiri kuelekea kifungo cha redio.

"Obonyo," Bwana alisema, "wacha. Hii nyimbo mzuri sana. Iko nyimbo ya nini?"

Mkono ukasimama hewani. Watu wote walimtazama. Hata wasiojua Kijaluo walimtazama, kwa sababu wanaojua walikuwa wakimtazama.

"Ni… ni wimbo wa harusi, Bwana."

"Harusi!" Bwana akamgeukia mkewe na mgeni wake, akawaeleza. Wakafurahi. "Lakini iko chini sana. Fanya sauti kubwa!"

Obonyo alikigusa kifundo cha tai yake.

"Maji!" Bwana mwenyewe aliita, kwa kuwa alikwisha kuuona mchezo wenyewe. "Mama ya maji! Lete maji!"

Wilkista aliliinua debe lote. Hakumwaga kidogo kidogo. Alilimimina juu ya chuma mpaka udongo ukanywa, ukajaa, ukatoa povu jekundu lililomlowesha miguu. Na mbele ya nyumba lile pembe likafunguka, na ikawa kama Ajwang' mwenyewe amesimama uwanjani.

*Obonyo, mwana wa kwetu, alikuja kwako na homa,*
*ukamwambia homa ni uvivu.*
*Obonyo, aliomba njia ya kwa daktari,*
*ukampa gunia, na juu ya gunia, gunia.*
*Obonyo, tulipomlaza ulifungua muziki.*
*Mama yake nimenyimwa kulia, mkewe amenyimwa kulia.*
*Obonyo, wewe utaliliwa na nani?*

Hapo wanaume hawakuweza kuketi tena. Mmoja aliruka katikati na fimbo, akakimbia hadi ukingo wa uwanja, akachoma hewa, akarudi, kama watu wa ziwa wanavyofanya wakikifukuza kifo nje ya boma. Wa pili akamfuata. Kisha wote. Vumbi likapanda. Wanawake walipiga hatua mbele na kurudi nyuma, mikono kichwani, na kila fimbo iliyokimbia ilipita karibu na koti la nyapara bila kuligusa.

Mgeni mnene alipiga makofi. Bwana pia alipiga.

"Safi! Wote iko cheza! Kwa nini wewe hapana cheza, Obonyo? Hii si harusi ya watu yako?"

"Bwana, mimi…"

"Cheza!"

Wilkista alikuwa ametoka nyuma ya nyumba, debe tupu mkononi. Alitaka kumwona kwa mbele. Alimwona akitazama redio, akimtazama Bwana, akiwatazama watu, akitafuta mahali pa kuweka macho. Angeweza kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache: Bwana, huu si wimbo wa harusi, ni wa msiba, na anayetajwa ni mimi. Lakini Bwana angeuliza sababu.

Obonyo akainua mguu. Akaushusha. Akainua wa pili.

Alicheza. Alicheza na tai yake, mabega yakipanda na kushuka, huku jina lake likiitwa na mwanamke aliyemzaa mtu ambaye yeye Obonyo alimuua. Na kila jina lilipoitwa, mke wa Bwana alitabasamu, kwa maana hata yeye alikwisha kulitambua neno lile moja, akadhani wanamsifu.

*

Bitutu alimrudisha Ajwang' jua likiwa bado lipo. Alianza kusimulia tangu mbali: padri alivyofurahi, Nyakundi alivyompa mama chai yenye sukari, kijana mmoja wa kutoka Kisumu alivyosimama mlangoni mwa ghala machozi yakimtoka, lakini asimwambie mtu kitu.

"Na hapa?" aliuliza. "Hapa ilikuwaje?"

Wilkista alimweleza. Bitutu alicheka mpaka akashika ukuta. "Alicheza? Na tai?" Akacheka tena. "Ngoja Makori asikie! Na tai!"

Ajwang' hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mwanawe, usinga mapajani. Sauti ilikuwa imemkauka, ikawa inatoka kama mkwaruzo wa redio yenyewe.

"Umeridhika?" aliuliza.

Wilkista alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lakini likabaki hapo hapo.

"Nimeona uso wake, Mama."

"Mimi sijamwona. Mimi nimemwona mtoto wangu. Nilifumba macho ndani ya lile ghala, akaja mpaka hapa." Aligusa kifua. "Halafu nikafika kwenye jina ulilonipa, naye akaondoka." Alikunja kanga yake. "Kesho naenda nyumbani. Twende pamoja. Kule kuna shamba la mume wako, na utalia kwa sauti yoyote unayotaka."

"Nitakuja, Mama. Lakini si kesho."

"Unasubiri nini tena?"

Wilkista akaanza kumfungia mzigo wa safari. Asubuhi walisindikizana hadi barabara ya magari. Pale Ajwang' alimwachia usinga.

"Wimbo hautaimbwa tena," alisema. "Mwambie yule kijana wa chuoni nimekwenda. Huyo mwingine, nyapara wako, umwambie au usimwambie, hiyo ni kazi yako."

*

Hapakutokea jambo kubwa. Hakuna aliyempiga Obonyo wala aliyemtukana. Alipoita majina asubuhi watu waliitika. Ila alipofika mahali penye moto, moto uliachwa. Mkewe alipoazima chumvi, chumvi ilikuwa imekwisha katika kila nyumba. Ng'ombe aliyemnunua katika soko la Mulot kwa ajili ya sherehe ya kubatiza mtoto alimchinja, na nyama ikakosa walaji. Arap Tanui, ambaye hakuwa Mjaluo wala hakuhusika, alianza kumwuliza kila asubuhi, kwa upole kabisa, kama atacheza tena lini.

Naye Bwana meneja alifurahi kupita kiasi. Akawasimulia wenzake klabuni. Akasema Jumapili ijayo ataleta watu zaidi, waje waone nyapara wake akicheza wimbo wa harusi wa watu wa ziwa. Akampa Obonyo betri iliyojazwa upya kiwandani.

Jumapili hiyo, viti vikiwa vimekwisha kupangwa lakini wageni hawajafika, Obonyo alikuja nyuma ya nyumba. Hakuwa na kifimbo. Alisimama mbali kidogo na Wilkista, karibu na chuma cha ardhini.

"Shemeji."

Wilkista alikuwa akijaza debe.

"Ukitaka kuacha kazi hii ya maji, acha. Chumba ni chako. Hata ukitaka kwenda kwenu, nitakutafutia gari la kampuni." Alitazama upande wa mbele wa nyumba. "Bwana anakusikiliza wewe. Anakuita mama ya maji, anakucheka lakini anakupenda. Mwambie ule si wimbo wa harusi. Mwambie ni wa msiba, hauchezwi ovyo. Usiseme mengine. Sema hilo tu."

"Mwambie wewe, nyapara. Una Kiswahili kizuri."

"Ataniuliza ni msiba wa nani."

"Jina lake unalijua."

Obonyo aliinama. Kwa mara ya kwanza Wilkista aliuona uso wake kwa karibu hivyo, na ulikuwa uso wa mtu ambaye hajalala. Kidogo tu Wilkista akakumbuka alivyomwona Obiero akiwa na homa, macho yameingia ndani vile vile. Aliliondoa wazo lile kama mtu anavyoondoa nzi.

"Basi niambie hili," Obonyo alisema. "Mama leo ataimba?"

Upande wa pili wa nyumba gari la Bwana lilikuwa likizima injini, na sauti za wageni, nyingi kuliko zile za wiki iliyopita, zilikuwa zikiteremka zikicheka. Ajwang' alikuwa ameshafika kwake, labda anapalilia. Chuoni Nyakundi alikuwa ameshatafuta mzee wa Kisii mwenye zeze aimbe badala yake. Wilkista alilijua hilo. Katika laini nzima walilijua yeye na Bitutu peke yao, na Bitutu alikuwa amemwapia kwa roho ya mama yake kwamba hatasema.

Alilisogeza debe karibu na chuma, akachuchumaa mahali pake, kanga ameibana katikati ya magoti. Kiunoni, chini ya kanga, alikuwa ameufunga usinga.

"Fungua redio, nyapara," alisema. "Fungua, usikie."

Akasubiri nyapara amwambie amwage maji.